SAT na ACT: mtoto afanye lini? Maswali ya wazazi Waswahili walioko Marekani

Mengi ya maswali haya kuhusu SAT na ACT, mitihani ya kuombea chuo Marekani, nimeulizwa kwenye maegesho baada ya ibada, harusini, na kwa simu saa nne usiku wakati usajili unafungwa kesho yake. Mimi si kaunsela, yaani mshauri wa wanafunzi shuleni. Ni mzazi niliyepitisha watoto wawili kwenye njia hii, wa kwanza kwa kukurupuka na wa pili kwa mpango. Ya msingi yako mwanzoni. Ya pembeni, kama Sabato, majina yaliyokosewa na ndugu walioko nyumbani, yanafuata baadaye. Ada na tarehe zilizotajwa ni za mwaka wa masomo 2025–26.

## Ya msingi

Huu mtihani ni kama wa kidato cha nne?

Hapana. Kwetu mtihani wa taifa unafanywa tarehe moja nchi nzima, na cheti chake ndicho kinachokufungulia mlango. Marekani mtoto anahitimu sekondari kwa alama alizozikusanya darasani miaka minne, gredi ya 9 hadi ya 12. SAT na ACT ziko kando ya hayo. Zinatungwa na taasisi zisizo za serikali, na chuo kinazitazama pamoja na alama za shule, insha na barua za walimu.

Mtoto anajichagulia tarehe, na anaweza kurudia. Sisi tulizoea mtihani unaokujia wenyewe, ukukute umejiandaa au hujajiandaa. Huu usipoufuata haukufuati, na gredi ya 12 itaisha mtoto hajaugusa.

SAT na ACT zinatofautianaje, na achague ipi?

SAT inafanywa kwenye kompyuta tu, Marekani tangu Machi 2024 na nchi nyingine tangu Machi 2023. Inachukua saa 2 na dakika 14. Ina sehemu mbili, Kusoma na Kuandika, kisha Hesabu, na alama zake ni kati ya 400 na 1600. ACT inapimwa kwa 1 hadi 36: Kiingereza, Hesabu na Kusoma. Sayansi, ambayo zamani ilikuwa lazima, imefanywa hiari kuanzia 2025, ingawa vipo vyuo vinavyopenda kuiona. Vyuo vinavyotumia mitihani hii vinapokea wowote kati ya miwili bila upendeleo.

Kwa mtoto ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili au ya tatu, mimi huegemea SAT. Vifungu vyake vya kusoma ni vifupi, aya moja na swali moja, halafu unasonga mbele. ACT inampa kifungu kirefu chenye maswali mengi. Lakini msiamue kwa kunisikiliza mimi. Afanye jaribio kamili la kila mmoja nyumbani, Jumamosi mbili tofauti, simu ikiwa chumba kingine. Majaribio ya SAT yako bure ndani ya programu ya Bluebook, ileile atakayofanyia mtihani wenyewe, na Khan Academy wana masomo ya bure ya kujiandaa. Akishachagua, ashike mmoja. Kuibeba yote miwili hadi mwisho ni kumchosha bure.

Inafanyika miezi gani?

SAT za Jumamosi: Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba, Desemba, kisha Machi, Mei na Juni. ACT: Septemba, Oktoba, Desemba, Februari, Aprili, Juni na Julai.

Usajili wa SAT hufungwa kama wiki mbili kabla, wa ACT kama wiki tano kabla. Hata hivyo usingoje siku ya mwisho, kwa sababu vituo vya karibu hujaa mapema. Mwanangu wa kwanza alipangiwa kituo cha mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Tuliondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, na alifika pale ameshachoka.

## Kupanga tarehe

Mwanangu yuko gredi ya 9. Si bora aanze sasa, apate nafasi nyingi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu huwavunja moyo wazazi wenye bidii. Hapana.

Sababu ni hesabu. Sehemu ya hesabu ya SAT inapima aljebra, milinganyo ya kipeo cha pili, takwimu, jometri na trigonometria kidogo. Mengi ya hayo mtoto huyakamilisha anapofika mwisho wa somo liitwalo Aljebra 2. Wanafunzi wengi hulisoma gredi ya 10 au ya 11. Ukimpeleka kabla, anapimwa kwa mambo ambayo hajafundishwa, anarudi na alama ndogo, na anaanza kujiambia kwamba hesabu si zake. Tuisheni haitibu hilo. Kinachotibu ni kusubiri somo liishe.

Kwa hiyo swali la kumuuliza kaunsela ni "anamaliza Aljebra 2 lini?" Jibu lake ndilo linalokupa tarehe ya mtihani wa kwanza.

Kazi ya gredi ya 9 na ya 10 ni kusoma vitabu, na kuhakikisha hajapangwa kwenye mkondo wa hesabu ulio chini ya uwezo wake. Hapa tunaumia sana sisi wageni. Mtoto anafika, Kiingereza chake bado, basi anapangwa hesabu za chini ingawa hesabu anaziweza. Mzazi haulizi, na miaka miwili baadaye Aljebra 2 inamkuta gredi ya 12, mtihani umeshapita. Ombeni apimwe upya. Ni haki yenu kuuliza.

Basi mpango wa kawaida ni upi?

Anza mwisho, hesabu kurudi nyuma.

Maombi ya mapema ya vyuo vingi hufungwa Novemba 1 au 15 ya gredi ya 12. Ya kawaida mengi hufungwa karibu na Januari 1. Alama za SAT hutoka baada ya wiki mbili hivi. Kwa anayeomba mapema, basi, SAT ya Oktoba ndiyo ya mwisho iliyo salama. Ya Novemba vyuo vingine huipokea na vingine huikataa, hivyo usiitegemee kabla hujasoma masharti ya chuo husika.

Ukishaiweka Oktoba kama ya akiba, Agosti inakuwa ya pili. Ya kwanza inaangukia Machi au Juni ya gredi ya 11. Mei sipendi: wiki mbili za kwanza za mwezi huo ni za mitihani ya AP (masomo ya kiwango cha chuo yanayosomwa sekondari), na mtoto mwenye AP tatu hana kichwa cha kubakiza. Juni ni nzuri kama shule yenu inafunga mapema.

Agosti naipenda kuliko zote. Mtoto ametoka likizo, ana wiki kumi za kujiandaa bila kazi za nyumbani, na alama zinarudi wakati bado kuna muda wa kuongeza au kupunguza vyuo kwenye orodha. Tatizo ni kwamba likizo ndiyo miezi ya watoto wetu kufanya kazi ghalani na kwenye migahawa. Mkubaliane mapema kuhusu saa zake. Mtoto anayetoka zamu usiku wa manane hawezi kukaa na aljebra asubuhi.

Anayeomba QuestBridge, mpango unaowaunganisha wanafunzi wa familia za kipato cha chini na vyuo vinavyowalipia masomo, ajue fomu zake hufungwa mwishoni mwa Septemba. Kwake Agosti ndiyo ya mwisho iliyo salama, na Machi na Juni zinakuwa na uzito zaidi.

PSAT ni nini, na ina umuhimu gani?

Ni ndugu mdogo wa SAT, hufanyika shuleni Oktoba. Ikifanywa gredi ya 10 ni mazoezi matupu, na ni mazoezi mazuri. Ikifanywa gredi ya 11 inaingiza mtoto kwenye mashindano ya National Merit, ambayo huleta pesa za masomo kwa wachache waliofanya vizuri sana. Mashindano hayo yako wazi kwa wanaosoma sekondari ndani ya Marekani, na sharti la uraia ni kwa wanaosoma nje, hivyo familia iliyokuja kwa ukimbizi isijitoe kabla ya kuuliza. Vyuo havipokei alama za PSAT kama maombi, kwa hiyo ikienda vibaya haimharibii mtoto kitu.

Shule imesema watafanya SAT siku ya kazi, bure. Bado tulipie ya Jumamosi?

Majimbo kadhaa hulipia mtihani mmoja kwa wanafunzi wote wa gredi ya 11, majira ya kuchipua. Michigan na Colorado hutumia SAT, Illinois ilihamia ACT mwaka 2025, na Ohio huachia wilaya ichague. Ni mtihani halisi na alama zake zinaenda vyuoni kama za Jumamosi. Uchukueni kama mtihani wa kwanza, msilipie mwingine wa Machi. Nimeona mtoto akiusinzia kwa kuwa aliambiwa "ni wa shule tu".

Kwa wanaojifunza Kiingereza una faida nyingine. Angalia swali la mtoto aliyefika juzi, chini.

Arudie mara ngapi?

Mara mbili zinatosha wengi. Tatu ni sawa. Ya nne huwa ni hofu ya mzazi.

Kurudia kuna faida kwa sababu vyuo vingi huchukua alama bora ya kila sehemu kutoka tarehe tofauti. Akipata Hesabu nzuri Juni na Kusoma nzuri Agosti, huunganishwa. Vipo vyuo vichache vinavyotaka kuona alama zote za kila tarehe, kwa hiyo msifanye mtihani halisi kama jaribio. Jaribio ni la Bluebook, mezani nyumbani. Na asirudie kama kati ya tarehe mbili hakuna alichosoma, maana atapata yaleyale.

Jambo dogo ambalo watoto wengi hawajui: jibu likiwa si sahihi hakuna kukatwa alama. Asiache swali wazi.

## Ada, majina na vifaa

Ni bei gani, na kama hatuna?

SAT ni dola 68. Mwanafunzi wa gredi ya 11 au ya 12 anayestahili chakula cha bure au cha bei nafuu shuleni, au ambaye familia yake inapokea msaada wa serikali wa kipato cha chini, anaweza kupata msamaha wa ada wa SAT mbili. Mwombe kaunsela, ni kazi yake. Msamaha huo unakuja pia na kutuma alama bure, na vyuo vingi humfutia mwenye msamaha ada ya maombi. Kwa mtoto anayeomba vyuo kumi hiyo si pesa ndogo. Mpango wa ACT nao upo.

Tunaona haya kuomba, najua. Lakini kaunsela hawezi kujua hali ya nyumbani kwako usipomwambia.

Majina ya mtoto yamegeuzwa kwenye makaratasi. Tufanyeje?

Sajilini kwa jina lililo kwenye kitambulisho atakachobeba siku hiyo, hata kama nyumbani mnamwita vingine. Watoto wengi waliotoka kambini wana jina la baba mahali pa jina lao, au tarehe ya kuzaliwa ya Januari 1 iliyoandikwa na ofisa aliyekuwa na haraka. Kama mnapanga kurekebisha, rekebisheni kabla ya gredi ya 11, kisha kila kitu kifuate: shule, SAT, maombi ya chuo, fomu za msaada wa masomo. Mkirekebisha katikati, alama zinaweza kukaa kwenye akaunti ya jina moja na maombi yakaenda kwa jina lingine.

Hatuna laptopu.

Bluebook inafanya kazi kwenye Windows, Mac na iPad, na kwenye Chromebook iliyo chini ya usimamizi wa shule. Chromebook mliyonunua wenyewe dukani haifai, na simu haifai. Asiye na kifaa anaweza kuomba kuazimwa na College Board, taasisi inayotunga SAT, ila lazima asajiliwe na kuomba angalau siku 30 kabla ya mtihani. Watoto wengi hutumia laptopu ya shule. Ajaribu kufungua Bluebook wiki moja kabla, asingoje Jumamosi asubuhi.

## Je, vyuo bado vinautaka?

Nimesikia SAT imefutwa. Kwa nini tuhangaike?

Haijafutwa. Wakati wa korona vyuo vingi viliifanya hiari kwa sababu vituo vilifungwa. Tangu hapo vimegawanyika. MIT ilirudisha sharti mwaka 2022. Mwaka 2024 Dartmouth, Brown, Harvard na vingine vikafuata, na Yale ikasema itataka mtihani lakini itapokea pia alama za AP, au za IB (mtaala wa kimataifa wa sekondari), badala yake. Vyuo vikuu vya umma vya Florida vinautaka. Upande wa pili, mfumo wa University of California hauangalii kabisa, hata ukituma. Katikati kuna mamia ya vyuo ambako ni hiari.

Andikeni orodha ya vyuo kufikia Januari ya gredi ya 11 na mfungue ukurasa wa masharti wa kila kimoja. Kama vyote ni vya California vya umma, mtihani hauwahusu. Tumieni muda huo kwa insha. Kama kuna hata kimoja kinachoulazimisha, panga kama nilivyoeleza juu.

Mahali pa hiari, ulizeni pia kuhusu pesa. Kuna misaada ya masomo inayotolewa kwa kuangalia alama hizi hata kama maombi yenyewe hayazitaki. Bright Futures ya Florida, kwa mfano, imekuwa ikidai kiwango fulani cha alama hizi kwa kila daraja lake.

Na koleji ya jamii, ile ya miaka miwili?

Haihitaji SAT. Anaingia, anasoma, na akihamia chuo kikuu akiwa na masomo ya kutosha, vyuo vingi hutazama alama za koleji. Wengine huiona njia ya walioshindwa. Mimi nawajua manesi na wahasibu walioanzia hapo bila deni.

## Hali za pekee

Mtoto amefika kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mwaka jana, yuko gredi ya 11. Lazima afanye?

Asikimbizwe. Mtihani wa shuleni autumie, hasa kwa kuwa mwanafunzi aliye kwenye mpango wa kujifunza Kiingereza anaweza kupewa nusu ya muda juu ya ule wa kawaida, na alama zake bado zinakubalika vyuoni. Kwenye SAT ya Jumamosi, kujifunza Kiingereza peke yake hakumpatii muda huo. Anaweza pia kukuta Hesabu yake iko juu sana kuliko Kusoma. Si aibu, na vyuo huona amefika lini. Vingine vitamtaka mtihani wa kupima Kiingereza: TOEFL, IELTS au Duolingo. Kwa TOEFL asiwahi mno, kwani alama zake hudumu miaka miwili.

Kama umri unaruhusu na shule inakubali, kubaki mwaka mmoja zaidi sekondari mara nyingi humsaidia kuliko kukimbilia mtihani.

Sisi ni Wasabato. Jumamosi haiwezekani.

Kuna mtihani wa Jumapili kwa ajili hiyo. Huombwa wakati wa kusajili, pamoja na barua ya mchungaji iliyosainiwa, kwenye karatasi ya kanisa. Vituo ni vichache, hivyo anzeni mapema kuliko wengine.

Na Ramadhani?

Kwa miaka hii inagongana na Machi. Mwaka 2026, mtihani wa Machi 14 umeangukia ndani ya mfungo. Hakuna haja ya kubishana na mtu: mhamishieni mtoto Juni na Agosti.

Ana ugumu wa kusoma, au ugonjwa unaohitaji mapumziko.

Muda wa ziada upo, ila kibali huombwa kupitia shule na kinaweza kuchukua hadi wiki saba. Kwa mtihani wa Machi, mwambieni kaunsela kabla ya Krismasi. Kuwa na mpango maalumu shuleni hakumpi kibali cha SAT moja kwa moja.

Ni mchezaji wa mpira. Si alihitaji SAT kwa ajili ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo?

Zamani. NCAA iliondoa sharti hilo Januari 2023. Chuo chenyewe bado kinaweza kulidai. Angalia sehemu iliyotangulia.

Mpwa wangu yuko Tanzania, mwingine Kenya. Wao wafanye lini?

Kalenda yao ni nyingine kabisa. Tanzania mtihani wa kidato cha sita ni Mei, na maombi ya Marekani hufungwa Novemba hadi Januari kabla yake. Kwa hiyo anayetaka kuondoka mwaka uleule anaomba akiwa katikati ya kidato cha sita, na SAT yake ni ya Juni ya kidato cha tano au Agosti hadi Oktoba. Wengi huona ni mzigo, wanamaliza kwanza, halafu wanaomba kwa ajili ya mwaka unaofuata.

Hapa kuna mtego usiozungumzwa. Mwanafunzi wa mchepuo usio na hesabu, kama HKL au HGL, anaachana na hesabu baada ya kidato cha nne. Akingoja hadi amalize cha sita, ana zaidi ya miaka miwili hajagusa mlinganyo. Huyo ni bora afanye SAT katika kipindi kati ya kidato cha nne na cha tano, angali moto. Wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) hana shida hiyo.

Kenya, anayemaliza KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, Novemba ana miezi ya bure mbele yake. Machi inamfaa, kisha Agosti kama ya kurudia.

Ada kwao ina nyongeza ya kimataifa, na msamaha niliotaja juu ni kwa walioko Marekani na raia wa Marekani walioko nje. Lakini ofisi za EducationUSA za Dar es Salaam na Nairobi hutoa ushauri bure, na zimekuwa na mpango wa kuwasaidia gharama za mitihani wachache wenye uwezo wa masomo lakini wasio na pesa. Abebe pasipoti siku ya mtihani, na aanze kuishughulikia miezi kadhaa kabla.

Yuko gredi ya 12, ni Oktoba, na hajafanya chochote.

Simu hii huja kila mwaka. Kwanza tazama orodha ya vyuo. Huenda vingi ni vya hiari na hakuna lililoharibika. Kama kipo kinacholazimisha, acheni maombi ya mapema, msajilini Novemba, na Desemba kama nafasi ipo na chuo kinaipokea kwa maombi ya Januari. Wiki tatu zilizobaki afanye majaribio ya Bluebook mawili kamili, apitie makosa yake moja moja, na awahi kulala. Ombeni msamaha wa ada kesho asubuhi, si keshokutwa.